Huyu na Hili

Siku ya kwanza tulicheka.
Muhannad alisimama mlango wa jikoni, uso umemsawijika,
akasema, "Mama, kioo kiko wazi,"
nami nikadhani dirisha.

Halwa katoroka.
Jina alimpa mwenyewe, kwa rangi ile
ya halwa ya Barka ikishapoa bakulini:
buibui mpana kama kiganja changu, miguu ya manyoya,
kanunuliwa Sibu, nyuma ya duka la ndege,
kwa riali ishirini na tano za sikukuu
nilizodhani zimo benki.

Baba yake alilala garini usiku ule,
injini inanguruma, kiyoyozi kinavuma,
yeye aliyeendesha lori la maji hadi Haima peke yake.
Wifi yangu Thuraya akaghairi kahawa.
Akaleta tende, kwa dereva, mwisho getini.

Mimi nikakung'uta viatu.
Nikakung'uta kanzu zilizopigwa pasi, foronya, mikoba, mswala.
Usiku wa nane nikanyunyiza unga wa ngano kila kizingiti,
na alfajiri, kabla sijatawadha,
nikapiga magoti na tochi:
vidoa vidogo vidogo,
mwandiko wa mtu asiye na haraka,
ukivuka ukumbi, ukiingia chini ya mlango
wa chumba tusichokifungua.

"Si humo," nikasema.
Nje, saa mbili tu asubuhi, lami ya Alkhodh ishalainika.
Fundi wa dawa kapiga simu mara mbili, yuko njiani.
"Akiuma ni kama nyuki tu, Mama," alisema Muhannad.
"Na buibui hii inatuogopa sisi."
"Buibui huyu," nikamsahihisha, "anatuogopa."
Hata pale. Mdomo una mazoea yake.

Nikafungua.

Udi haujatoka, miaka miwili.
Kiti cha magurudumu kimekunjwa ukutani.
Na kabati, lile lenye mtoto wa chini asiyefungika
tangu tulipolihamisha kutoka Ruwi,
amebaki mdomo wazi
kama aliyekatizwa neno.

Mle limo buibui lake.
Si abaya. Buibui, la kamba, la Unguja.
Alilivaa Maskati siku mbili,
wanawake wa mtaa wakacheka,
akalikunja, asilivae tena, asilitupe.
*Kikulacho ki nguoni mwako*, aliniambia
kila nilipopoteza pesa.
Na bado alitukataza kuua buibui ndani ya nyumba,
hata mmoja, kwa heshima ya yule wa pangoni.

Nikamvuta mtoto wa kabati taratibu.
Muhannad kashika tochi kwa mikono miwili.
Kwenye mkunjo mweusi
walikuwa wawili.

Mmoja mtupu. Ganda tu,
kila unyoya mahali pake,
miguu minane imevuliwa kama glavu.
Na ubavuni pake mwenyewe,
mkubwa kuliko alivyotoroka, laini kama mkate mbichi,
meno bado meupe.

"Usiguse," mtoto akanong'ona.
"Akiguswa sasa atapasuka. Tungoje siku kumi."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.
Sikuunyoosha kwa huyu.
Niliunyoosha kwa hili.

Nikaurudisha.
Tukaweka maji kwenye kizibo cha chupa.
Fundi wa dawa nikamgeuza getini
na pesa ya petroli na tende za Thuraya.
Mlango wa chumba sikuufunga.

Jioni simu ikalia, kutoka garini, hatua kumi na mbili.
"Mmempata?"
"Tumempata."
"Yuko wapi?"
Nikaangalia ukumbini, unga bado chini,
taa ya chumba kile inawaka.

"Yuko kwa Mama," nikasema.
Akalala tena garini.